Nyeupe Saba

Kijana wa dukani, mwenye hereni ya fedha,
alinionya: usichague hapa, taa zetu zinadanganya.
Peleka sampuli nyumbani, paka karatasi,
paka mara mbili, bandika, kisha ishi nazo wiki moja.
Ishi nazo! Kama wachumba.

Basi ninaishi nazo. Saba, ukutani kwa chumba kidogo,
hapa Oulu, mwezi wa pili,
jua likichungulia saa tatu, saa kumi limeshaaga,
na theluji dirishani inazisuta zote:
mnajiita nyeupe, ninyi?

Ya kwanza wameiita Kitani. Ya pili Uji wa Shayiri,
na kweli, ukiitazama kwa njaa utatafuta kijiko.
Ya tatu inaitwa Ukimya.
Nani kaupima ukimya, akaujaza kwenye debe la lita tatu,
akaupachika bei?
Ya nne asubuhi ni mchanga mkavu; ikifika saa nane,
sijui huwa imekumbuka nini, inaona haya, inakuwa waridi.
Ya tano ni korido ya hospitali. Nimeigeuza itazame ukuta.

"Veikko," nasema, "njoo unisaidie."
Miaka thelathini na minane kiwandani kazi yake ilikuwa hiyo:
kusimama mbele ya karatasi mbichi na kuamua weupe.
Robota zima alilirudisha kwa kivuli cha samawati
ambacho mashine ilikuwa imekisamehe.
Sasa anakohoa, anavaa miwani, anavua miwani.
"Zote moja, Raili. Chai ya maziwa. Paka yoyote."

Nilidhani ni uvivu. Nilinuna siku mbili.

Mtoto hatukujaaliwa. Chumba hiki kilimngoja
na karatasi zake za ukutani zenye bata,
kisha kikachoka, kikawa cha cherehani, kikawa cha masanduku.
Uzeeni ndipo akaja, mtoto, lakini wa jicho;
mmoja kulia, mmoja kushoto, mapacha,
wakakaa kimya, wakanenepa bila kelele,
wakampakia baba yao dunia nzima
tabaka jembamba la manjano juu ya jingine,
wala hawakutuonyesha sampuli.

Alhamisi walimtoa yule wa kulia. Dakika ishirini,
kisha kahawa, na andazi la iliki.
Ijumaa asubuhi nikambandua kikinga cha plastiki,
akaenda mwenyewe kusimama mbele ya ukuta,
mikono nyuma, kama zamani zamu ikianza.
Akafumba la kulia: "Chai."
Akafumba la kushoto. Akanyamaza sana.
"Hii ya sita wameitia tone la kijani.
Ya saba imechanganywa vibaya, irudishe."
Akaigeuza hata ile niliyoiadhibu,
akaisogelea mpaka pua ikaigusa, akaisifu.

Kisha akanigeukia mimi.
"Raili. Nywele zako."
"Zina nini?"
"Nyeupe."
"Huu mwaka wa sita. Ulidhani ni za rangi gani?"
Hakujibu. Mabua ya shayiri, labda.
Labda siagi.
Nilimwona akilifumba lile jipya,
akabaki na la zamani, akinitazama kitambo,
nami nikachukua kitambaa nikafuta meza iliyokuwa safi.

Rangi hatujachagua. Jicho la pili ni tarehe kumi na tisa.
Mimi naegemea Kitani; yeye ameng'ang'ania ile ya hospitali,
anasema ndiyo pekee isiyojidai.
Meza ya kulia tumeihamishia humo humo,
jioni tunakula chini ya karatasi zetu saba,
na akinipitishia chumvi hufumba jicho moja,
mara hili, mara lile.
Siulizi ni lipi.
Ila nimeanza kukaa upande wake wa kushoto.